Mita Kumi na Mbili za Sanda

Kwihara, Tabora
9 Februari 1974

Mdogo wangu Twalibu,

Pokea salamu zangu, wewe na mkeo na watoto. Natumaini kifua cha mkeo kimetulia. Mimi mwilini ni mzima, na chakula kinapita. Mengine utayaona humu.

Simu yako ya maandishi ya rambirambi ilifika siku ya tatu baada ya maziko. Ahsante. Najua Morogoro ni mbali, na kazi ya stesheni haimpi mtu ruhusa kwa haraka.

Nakuandikia nikiwa edani, katika chumba kile cha nyuma ambacho dirisha lake linatazama karakana ya Abasi. Ubao wa mwisho aliokuwa akiupiga randa bado uko mezani, nusu laini, nusu unakwaruza. Futi yake ya kukunja iko kwangu, chini ya mto. Nikiikunjua inalia ka, ka, ka, kama alipokuwa akiikunjua asubuhi kabla hata ya kunywa uji.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Shemeji yako amezikwa miguu yake ikiwa imefunikwa shuka la kitandani.

Unakumbuka alivyokuwa mrefu. Kitanda chetu alikitengeneza mwenyewe na kukiongeza shubiri nzima, kwa sababu utotoni kwao alilala miguu nje, na alisema hataki tena kulala hivyo. Alifariki Jumatatu alfajiri. Ndugu zake wakaenda kuchimba kaburi. Bernardo, jirani yetu na rafiki yake wa karakana, akapanda baiskeli kwenda mjini kununua sanda, maana ndiye mwenye baiskeli nzima. Shehe alimwambia mita kumi na mbili za bafta. Akaleta. Waoshaji wakakata, wakavisha, na walipofika nguo ya mwisho, ile ya kufunga juu na chini, ikaishia kwenye vifundo vya miguu. Wakaivuta huku, kichwa kikabaki wazi. Wakaivuta kule, miguu ikabaki wazi. Hakukuwa na muda wa kurudi mjini. Nikatoa shuka letu, lile lenye mistari ya kijani pembeni.

Bernardo anaapa kwamba alihesabu kwa sauti pamoja na muuzaji, Mzee Lukumani, moja mpaka kumi na mbili. Nilimwuliza akiwa nje ya dirisha, nami ndani.

"Uliona anavyopima?"

"Niliona, shemeji. Tena kwa heshima. Mezani palikuwa na fimbo mpya ya njano. Mzee Lukumani akaisogeza kando, akatoa nyingine nyuma ya mlango, nyeusi, yenye vichwa vya shaba. Akaniambia, hii ya njano ni ya nguo za harusi, sanda ina fimbo yake. Nikavua kofia."

Hakuna aliyeipima njiani wala hapa. Unajua desturi zetu: sanda haiombewi bei wala haipimwi mara ya pili, kwa sababu kuipima tena ni kuita maiti mwingine nyumbani.

Shemeji Ngollo, kaka wa Abasi, anasema Bernardo alikata mita moja akaiuza. Vijana wameshampa jina, Bwana Mita. Mimi wananiita mjane wa kiraka. Ule mstari wa kijani wote waliuona.

Wewe ulifanya kazi duka la Mzee Lukumani kabla ya kwenda Morogoro. Nishauri. Je, ile ni desturi ya duka, fimbo mbili? Na mtu akipunjwa hivi, anamwandikia nani?

Ni mimi dada yako,
Batuli


Morogoro
26 Februari 1974

Dada, shikamoo,

Barua yako nimeipata, nimeisoma mara mbili, na mke wangu amelia. Yeye hajambo, anakusalimu sana. Watoto wazima, mdogo ameota meno.

Dada, nakuomba usijitie katika mambo makubwa ukiwa edani. Mzee Lukumani ndiye aliyenichukua nilipokuwa sina kazi wala viatu. Sanduku nililokuja nalo Morogoro alinipa yeye. Ni mtu wa kuswali swala tano. Sioni kama angefanya jambo hilo.

Kuhusu Bernardo, sisemi kitu, lakini kutoka mjini mpaka Kwihara kuna vilabu, na mtu ni mtu. Hata kama si yeye, fikiri. Utasimama mbele ya hakimu na kueleza miguu ya mumeo? Leo wanaosema ni watu wa Kwihara. Ukienda mahakamani itasema Tabora nzima. Mwachie Mungu, dada. Abasi amepumzika, na shuka lenu wenyewe si aibu.

Nimetuma noti mbili ndani ya bahasha. Nunua sukari.

Mdogo wako,
Twalibu


Kwihara
17 Machi 1974

Twalibu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia habari za meno ya mtoto. Mpakeni asali kidogo kwenye fizi. Noti zako nimezipata. Sukari hakuna, kwa hiyo nimeziweka.

Sasa unisikilize. Mimi si mtu wa kugomba, na wewe unajua. Ulipovunja chungu cha mama nilisema nimevunja mimi. Lakini barua yako imenichoma, na nimekaa siku nne ndio nikashika kalamu, ili nisiandike matusi.

Nilikuuliza maneno mawili: je, duka lile lina fimbo mbili, na mtu akipunjwa anakwenda wapi. Umenijibu kuhusu viatu vyako, kuhusu sanduku, kuhusu vilabu vya njiani na kuhusu Mungu. Kuhusu fimbo hukuandika hata herufi moja.

Na Bernardo usimguse tena kwa kalamu yako. Huyu ndiye aliyembeba Abasi mgongoni kutoka karakana mpaka kitandani siku alipoanguka. Bernardo hanywi, tangu alipobatizwa upya na Wamoravian, na hata angekunywa, mlevi anauza sanda ya rafiki yake kwa nani? Nani ananunua mita moja ya bafta kilabuni?

Wiki iliyopita balozi wa nyumba kumi aliwaita. Ngollo alisema maneno mengi. Bernardo akasema machache. Wakaamua alipe. Jana Bernardo ameuza mbuzi wake jike, mwenye mimba, akamletea Ngollo mita moja ya bafta ambayo hakuiiba. Alipita dirishani kwangu. Nikamwuliza, umelipa kwa nini, baba? Akasema, "Ili waniache nipalilie karanga zangu, shemeji. Mvua hazingoji." Sijui kama umewahi kuona mtu mzima akilipa wizi wa mtu mwingine huku akisalimia. Mimi nimeona.

Nikuambie nilichokigundua. Wakati serikali ilipoleta mita na kuondoa yadi, Abasi alihangaika sana, maana futi yake ni ya mtindo wa zamani, futi tatu, yaani yadi moja kamili. Basi alichonga alama kwenye ukingo wa meza ya karakana. Akaniita nione. Akaikunjua futi yake, akaweka vidole vinne mbele yake, akasema, "Mke wangu, mita ni hapa. Yadi na vidole vyangu vinne. Serikali imetuongezea vidole."

Zidisha vidole vinne mara kumi na mbili. Ni mita nzima na zaidi. Ni miguu ya Abasi.

Fimbo nyeusi yenye vichwa vya shaba ni ya zamani. Mimi si fundi wala karani, nimesoma mpaka darasa la nne, lakini naona kwamba mtu anauza kwa mita na kupima kwa yadi. Na hapimi hivyo kila mtu. Anawapima wafiwa tu, kwa sababu anajua hatutapima tena. Bibi alikuwa akitusimulia, hapa hapa kwenye njia ya wapagazi, jinsi wenye misafara walivyowalipa watu nguo kwa kupima mkono, na wakamchagua mwenye mkono mfupi ndio apime. Tulikuwa tunacheka. Nadhani wale waliopimiwa hawakucheka.

Nakuuliza tena, na safari hii ujibu hilo tu. Ulikaa duka lile miaka mitatu. Kuna fimbo ngapi?

Dada yako,
Batuli


Kwihara
5 Mei 1974

Twalibu,

Hamjambo huko? Hapa karanga zimevunwa, na kikohozi kilichonishika mwezi uliopita kimekwisha.

Ni wiki ya saba. Treni ya barua inapita mara nyingi kwa juma, na wewe uko stesheni. Nilidhani unaumwa, lakini Mzee wa posta amesema vifurushi vya watu wengine kutoka Morogoro vinafika, na kimoja kilikuwa na mwandiko wako juu.

Basi hujafa na huumwi. Unanyamaza.

Eda yangu inakwisha mwisho wa mwezi huu. Siku nitakayotoka, mlango wa kwanza nitakaobisha ni wa ofisi ya vipimo. Nitakwenda nikijua au bila kujua, lakini ningependa niende nikijua. Na kuna swali jingine limenijia, nalo linaniogopesha kuliko la kwanza. Mama alifariki wewe ukiwa duka lile. Sanda ilitoka kwa Mzee Lukumani, nawe ndiwe uliyeileta. Ilipimwa kwa fimbo ipi?

Dada yako


Morogoro
3 Juni 1974

Dada, shikamoo.

Mke wangu na watoto wazima. Mimi sijui niseme niko vipi.

Fimbo ni mbili.

Nitakuandikia yote, na ukimaliza unaweza kuitupa barua hii jikoni. Mita zilipoingia, mkaguzi alipita madukani, akatoa fimbo mpya za njano zenye muhuri, na akasema za zamani zivunjwe. Mzee Lukumani aliniagiza niivunje ile nyeusi. Niliipeleka uani. Kisha akaniita, akasema, "Iache kwanza. Iweke nyuma ya mlango." Sikuuliza.

Siku ya kwanza aliitumia mwenyewe, kwa watu wa Ipole ambao maiti wao alikuwa hospitali. Siku ya pili aliniambia nipime mimi. Alikuja mzee mmoja amevaa kanzu iliyochanika, akanunua sanda ya mwanawe. Nikatoa ile nyeusi. Akaniangalia, akauliza kwa upole, "Mbona hii mpya hutumii, kijana?" Mzee Lukumani alikuwa amekaa pale, ameinamisha kichwa kwenye tasbihi. Ndipo nikasema, "Hii ya njano ni ya nguo za harusi, mzee. Sanda ina fimbo yake."

Yule mzee alinishukuru, dada. Alisema watoto wa siku hizi hawana adabu kama yangu.

Maneno yale ni yangu. Mzee Lukumani aliyapenda, akawa anayasema yeye. Nilipoyasoma katika barua yako ya kwanza, Bernardo anasimulia kwamba alivua kofia, nilikuwa kaunta ya mizigo na nikashindwa kumpimia mtu gunia lake. Ndiyo maana nikakuandikia vilabu. Nilitaka awe Bernardo.

Sikuhesabu nimewapimia wangapi. Ni uongo. Nilihesabu. Kumi na mmoja.

Umeniuliza sanda ya mama. Nilifunga duka mchana, nikaisogeza ile nyeusi, nikapima kwa ya njano, na nikaongeza shubiri juu. Mama alisitirika wote. Hilo ndilo linaloniuma kuliko wale kumi na mmoja, maana naweza kusema sikujua, kwa watu wote, isipokuwa siku ile.

Sijui la kusema baada ya hapa.

Mdogo wako,
Twalibu


Kwihara
14 Julai 1974

Twalibu,

Marahaba. Wasalimie wa nyumbani.

Barua yako sikuitupa jikoni. Iko ndani ya msahafu wa Abasi. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaiweka, nikaenda kupalilia viazi mpaka jua likanipiga kichwa. Nimeandika barua tatu za kukujibu nikazichana. Katika moja nilikuita kwa jina ambalo dada hamwiti mdogo wake. Kwa hiyo nitakueleza niliyofanya tu, si niliyoyafikiri.

Ofisi ya vipimo nilifika baada ya eda, nimevaa viatu vya harusi yangu kwa kuwa vingine havifungi. Karani wa mbele akanisikiliza huku anachonga penseli.

"Kielelezo kiko wapi, mama?"

"Kielelezo gani?"

"Nguo yenyewe. Iliyopunguzwa."

"Imezikwa."

Akaweka penseli chini. "Basi kesi nayo imezikwa, mama. Duka hilo tulilikagua mwezi wa nne. Fimbo yao ni sahihi na ina muhuri."

"Mlikagua kwa kununua nini?"

"Kitambaa cha suruali."

Nikamwambia, "Rudini mkiwa na msiba." Nilisema kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Ndipo mlango wa ndani ukafunguka, akatoka mkaguzi mwenyewe, Bwana Masolwa, Msukuma mfupi mwenye miwani. Akanikalisha. Nikamweleza mpaka habari ya futi na vidole vinne. Akaandika. Akasema sheria haimtaki maiti. Inataka fimbo isiyo halali mkononi mwa muuzaji, mnunuzi mbele yake, na nguo mezani. Kuuza pungufu ya kipimo ulichotaja ni kosa, awe mnunuzi ni waziri au mfiwa. Lakini akakuna kichwa. Ili ile fimbo itoke nyuma ya mlango lazima aende mfiwa, na yeye hawezi kumtuma mtu akazue kifo.

Nikamwambia hakuna haja ya kuzua. Nitanunua yangu.

Akaniuliza, "Mama, huogopi?"

Nikasema naogopa, lakini si hilo.

Jumatatu ya tarehe nane tukaenda. Yeye alitangulia, akawa anachagua vifungo upande wa pili wa meza pamoja na akina mama wawili waliokuja kutafuta kanga. Nikaingia. Mzee Lukumani amezeeka, ndevu zake nyeupe zote. Akaniinukia.

"Pole, mwanangu. Nani ametutoka?"

"Nataka mita kumi na mbili za sanda, mzee. Ni ya Batuli, wa Kwihara."

"Mungu amrehemu."

"Amina," nikasema, kwa maana hiyo dua ni yangu na naihitaji. Hakunijua. Ulikaa kwake miaka mitatu, Twalibu, na hakujua jina la dada yako.

Akaisogeza ya njano kando. Akanyoosha mkono nyuma ya mlango bila kutazama, kama mtu anayechukua kofia yake mwenyewe. Nikauliza kwa nini haitumii ile nyingine. Akasema maneno yako. Yote, kwa mpangilio ule ule, mpaka ule upole. Nilishika ukingo wa meza.

Akapima, tukahesabu pamoja. Kumi na mbili. Akakata, akakunja. Nikasema, "Usifunge kwanza, mzee." Nikatoa futi ya Abasi pindoni mwa kanga. Ka, ka, ka.

"Bibi, sanda haipimwi tena," akasema. "Unauita msiba mwingine nyumbani."

"Msiba ni wangu, na sanda ni yangu. Batuli ni mimi."

Nikailaza futi juu ya ile fimbo nyeusi. Zilikwenda sawa kichwa kwa kichwa, yadi na yadi. Kisha nikaweka vidole vyangu vinne mbele yake, vinene si kama vya Abasi, nikamwambia, "Mzee, hivi vidole vya mume wangu viko wapi?"

Bwana Masolwa akaweka vifungo chini, akatoa utepe wake wa chuma. Akaipima nguo yote hapo hapo. Mita kumi na sentimita tisini na saba. Mmoja wa wale akina mama akasema, "Kumbe wewe mzee unawapunja maiti." Mwenzake akamjibu, "Si ndio wateja wasiorudi kulalamika." Hakuna aliyecheka. Mzee Lukumani akakaa juu ya robota la bafta na kuomba maji.

Fimbo imechukuliwa. Sanda yangu imechukuliwa pia, ina karatasi yenye namba, inaitwa kielelezo. Kesi itasikilizwa mjini, Jumanne tarehe 20 Agosti.

Lakini yeye ameshaandikisha maneno yake. Anasema alichukua fimbo ya zamani kwa makosa, macho yake hayaoni vizuri, na haijatokea kabla ya siku hiyo. Bwana Masolwa anasema hakimu anaweza kuamini. Akiamini, ni kosa la siku moja na la mita zangu tu. Abasi hayumo. Bernardo anabaki mwizi wa sanda mpaka afe, na watoto wake baada yake.

Yuko mtu mmoja duniani anayeweza kusema tangu lini ile fimbo imekaa nyuma ya mlango, na aliambiwa nini kuihusu. Sitakuomba. Nimekwambia tarehe.

Dada yako,
Batuli


Morogoro
6 Agosti 1974

Dada, shikamoo.

Tarehe nimeipata. Nimemweleza mke wangu yote. Siku mbili hakusema nami, kisha akaninyooshea shati.

Naogopa, dada. Mimi ni karani wa mizigo, kazi yangu ni mizani. Nikisimama na kusema nilipima pungufu, bwana stesheni akisikia, hawezi kuniacha pale. Na huenda hakimu akaniweka upande ule ule na Mzee Lukumani. Mtu wa sheria niliyemwuliza hapa ameniambia ninyamaze.

Sijui kama nitaweza. Nilitaka ujue kwamba barua zako nazipokea.

Mdogo wako,
Twalibu


Kwihara
1 Septemba 1974

Mdogo wangu Twalibu,

Natumaini ulifika salama na ulikuta wa nyumbani wazima. Mtoto atakuwa anatembea sasa. Mimi ni mzima, na hata usingizi umerudi.

Ulitoa ushahidi wako wote, ukaondoka na treni ya jioni ile ile bila kufika Kwihara. Bernardo alikuwa ameleta kuku. Tulimla wenyewe.

Najua kwa nini hukuja. Pale mahakamani hatukusalimiana. Ulipopita kwenye benchi langu ulisema shikamoo nami sikuitika. Tangu tulipojifunza kusema, haijawahi kutokea. Nilikuwa nimekasirika, na bado nimekasirika, sitakudanganya. Kuna asubuhi naamka nikiona miguu ya Abasi, na pembeni yake naona mkono wako umeshika fimbo. Hukuwa wewe siku ile, najua. Lakini maneno yalikuwa yako, na yalitangulia kufika kaburini kwake kuliko simu yako.

Ila kuna jambo hujui, na nimeona si haki usilijue.

Hakimu alipokwisha kusoma hukumu, wewe ulitoka nje. Mimi nilibaki kwa karani kutia sahihi ya kielelezo. Bernardo akaja akanivuta mkono, akasema, shemeji, njoo usikie. Nikasimama nyuma ya mlango wa baraza. Akina mama walikuwa wamekuzunguka, saba au nane, na wazee kadhaa. Mmoja wao, mwenye kanga nyeusi, alikuwa anakuuliza.

"Mume wangu, mwezi wa tatu, mwaka sabini na moja. Alikuwa dereva wa trekta, tulikuja na mkwe wangu. Ulimpimia kwa ipi?"

Nilidhani utasema hukumbuki. Ningekuwa wewe ningesema hivyo.

Ukasema, "Fupi, mama."

Akaja wa pili na wa tatu. Ukawa unasema tu, fupi, mama. Fupi, baba. Yule mmoja ukamwambia, yako ilikuwa ndefu, siku hiyo alikuwepo mgeni dukani. Hukujitetea wala hukumtaja Mzee Lukumani. Yule wa kanga nyeusi alikupiga kofi, nikaona kofia yako inaanguka, na ukabaki umesimama ili wa nyuma yake naye aulize. Nilitaka kutoka. Nikabaki nyuma ya mlango. Nilipotoka ulishakwenda.

Hukumu uliisikia. Faini, leseni imezuiwa, na fimbo ilivunjwa na Bwana Masolwa juu ya ngazi. Ilikuwa ngumu, aliikanyaga mara tatu. Vile vichwa vya shaba vilibiringika mpaka barabarani na hakuna aliyeviokota. Bernardo amelipwa thamani ya mbuzi. Shemeji Ngollo alikuja kwake na ile mita moja ya bafta aliyoichukua, akaiweka mlangoni. Bernardo akamsalimia, "Mwangaluka, Ngollo. Kaa, kuna uji." Mimi nisingempa uji. Nimekwambia, bado nimekasirika.

Ile mita hakuna aliyetaka kukaa nayo. Nimeipeleka msikitini iwekwe kwa ajili ya msafiri atakayefia huku bila ndugu. Na futi ya Abasi haikai tena chini ya mto. Wiki mbili hizi imekwenda mjini mara mbili, kwenye misiba ya watu wengine. Wanakuja wanabisha, wanasema, tunaomba futi. Wanapima dukani, mbele ya muuzaji, na vidole vinne. Shehe amesema hakuna kitabu kinachokataza.

Nimesikia umeondolewa kwenye mizani na kupelekwa kufagia ghala. Mkeo ameniandikia. Nimeweka zile noti mbili ulizonitumia, nimezirudisha ndani ya bahasha hii. Nunueni sukari mkiipata.

Sanda yangu nimerudishiwa. Lukumani aliamriwa aikamilishe, na imetoka kwenye robota jingine, kwa hiyo kipande cha mwisho ni cheupe kidogo kuliko kingine. Imo ndani ya sanduku alilolitengeneza Abasi, lile ambalo mfuniko wake unagoma. Mita kumi na mbili. Mimi si mrefu, itanitosha na kubaki.

Siku yangu ikifika, wasimtume mtu mwingine. Uje wewe. Usiogope yule wa kanga nyeusi wala Ngollo. Fungua sanduku mbele ya watu wote, chukua futi kwa Bernardo au kwa watoto wake, uipime kwa sauti, kutoka moja mpaka kumi na mbili, wasikie.

Shikamoo yako ya siku ile naiitikia sasa. Marahaba.

Ukimaliza kupima, unikumbuke.

Dada yako,
Batuli